Kilomita na Boti ya Mtumba

Mume wa dada yangu aliendesha lori miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote hakukubali hata siku moja kwamba amepotea njia. Akipotea, alisema njia ndiyo imehamishwa. Wenzake walimwita Kilomita, kwa sababu kila kitu alikipima hivyo, ugonjwa, mapenzi, hata maneno. Ukimsimulia habari ndefu alikukatiza: "Shemeji, zimebaki kilomita ngapi?" Mimi ni mshona maturubai na viti vya magari. Kibanda changu kimeegemea ukuta wa ua wao, kwa hiyo nimemsikia akiondoka na kurudi tangu nikiwa kijana. Mimi aliniita Sindano. Nilikuwa silipendi jina hilo, na alijua silipendi.

Kama nilimpenda au sikumpenda, sijawahi kuamua. Alikuwa mkarimu, mcheshi na mbishi kupita kiasi. Watoto wake wote watatu walizaliwa yeye akiwa barabarani. Dada alikuwa akimwekea chakula katikati ya sahani mbili, moja imefunika nyingine, na asubuhi nyingi nilimwona akikimwaga kwa kuku. Hakulalamika. "Mdogo wangu," aliniambia, "mimi nimeolewa na honi." Tulikuwa tukicheka.

Kilomita alipostaafu, figo za dada zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki ilibidi alazwe kwenye mashine asafishwe damu, na mashine hiyo ilikuwa hospitali ya ng'ambo ya ziwa. Wakati kivuko kilipokuwa kikifanya kazi haikuwa shida kubwa. Halafu kivuko kikatolewa majini kwa matengenezo. Tukaambiwa wiki tatu. Miezi minne baadaye kilikuwa bado juu ya mawe, majani yameota chini ya tumbo lake. Likabaki basi la barabara inayozunguka ziwa, mwendo wa saa saba kwenda na saa saba kurudi. Dada alipanda basi hilo akiwa na ndoo ndogo ya kutapikia mapajani. Baada ya miezi miwili akaanza kuruka siku. Daktari akamwita Kilomita pembeni akamwambia wazi kwamba mgonjwa akikosa mara mbili mfululizo, moyo unaweza kusimama wenyewe.

Tulimpangia chumba ng'ambo. Alikaa siku tisa, akarudi na begi lake.

"Nimemngoja mtu huyu miaka thelathini ndani ya nyumba hii," alisema. "Sasa amerudi, mnataka nikamngoje kwingine?"

Kilomita alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini. Kesho yake asubuhi alikuja kibandani kwangu akasimama mlangoni, akasema ananunua boti, atamwendesha mkewe mwenyewe. Nikamwuliza anajua nini kuhusu boti. Akasema injini ni injini.

Boti tuliikuta nyuma ya nyumba ya bwana mmoja aliyekuwa akikusanya samaki visiwani, mpaka magoti yalipomkataza. Siku hizi anafuga kuku, na kuku walikuwa wameifanya boti kitanda. Ilikuwa ya plastiki ngumu, zamani nyeupe, injini yake imefunikwa gunia. Kilomita aliizunguka kwa heshima zote, kisha akaipiga teke ubavuni kama alivyozoea kupiga tairi.

"Unasikiliza nini?" muuzaji akauliza.

"Upepo," alisema Kilomita.

Wakakubaliana. Kilomita akaenda kufunga kamba za trela kwenye pikapu tuliyoazima, kazi ambayo hakumruhusu mtu mwingine kuigusa. Muuzaji akanivuta mkono.

"Wewe naona ndiye unayesikia," alisema. "Mambo mawili. Injini hii inapozwa na maji ya ziwa. Ndani ya mguu wake kuna impela, kigurudumu cha mpira kinachovuta maji. Usiiwashe nchi kavu hata dakika moja, mpira utaungua. La pili, hapa nyuma kuna kijitundu kinatema maji. Sisi tunasema inakojoa. Siku isipokojoa, izime papo hapo. Mwambie na mwenzako."

"Nitamwambia," nilisema.

Alirudia tena yote, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Nami nilikusudia kusema. Naomba hilo lieleweke, ingawa sijui linasaidia nini.

Siku ya pili tuliipeleka gatini kuijaribu. Kabla ya kuisukuma majini niliona tundu chini kabisa upande wa nyuma, linaingia kidole gumba.

"Shemeji, hili si lina kizibo?"

"Hilo la kutolea maji, Sindano. Maji yakiingia, yatatokea hapo hapo."

Alisema kwa uhakika kiasi kwamba nami niliona aibu kuuliza. Tukaisukuma. Maji yaliingia hapo hapo. Boti ikakaa matako, pua ikatazama juu, na sisi wawili tumesimama ndani mpaka magotini, yeye bado ameshika usukani. Gati zima lilivunjika mbavu. Wachuuzi waliacha meza zao wakaja kutazama. Kilomita akatoka maji yakimchuruzika, akanyoosha kidole kwangu mbele ya wote.

"Huyu ndiye niliyemwachia aikague! Mtu wa sindano, mtamlaumu?"

Wakacheka upya. Tuliirudisha boti uani, nami nikachonga kizibo kwa kipande cha mti mgumu, nikakivisha mpira wa tairi la baiskeli, nikakigonga mpaka kikakaa. Haikuvuja tena tone. Asante hakuitoa. Na pale nilipokuwa nimepiga magoti chini ya boti na nyundo, maneno mawili ya muuzaji yakiwa bado kinywani mwangu, nikajiapiza kwamba mimi na chombo hiki tutakutana kwenye turubai tu.

Basi akaendelea kupambana nacho peke yake, na sitamnyima haki yake, alipambana. Mbao za sakafu zilikuwa zimeoza chini ya rangi, ukikanyaga zinabonyea. Alizing'oa zote akapigilia mpya, akazipaka mafuta mara tatu. Mpira wa petroli ulikuwa na nyufa, unavuta hewa, injini inakohoa na kuzimika kila baada ya hatua hamsini. Alilala chini yake siku mbili akitafuta ugonjwa kwenye plagi, mpaka mama fundi wa pale gatini, mwanamke wa ovaroli ya bluu asiye na muda wa kubembeleza mtu, alipoufuata mpira ule kwa vidole vyake na kumwonyesha ufa wa kwanza. Tangi lilikuwa na petroli ya zamani iliyogeuka kama gundi. Waya wa usukani ulishika kutu, boti inakata kulia lakini kushoto haitaki. Kila tatizo lilimla siku mbili tatu, na kila jioni alinawa mikono kwenye karai huku akimweleza dada amefika wapi.

Dada alikuwa akikaa mlangoni kwenye kigoda, miguu iliyovimba ameilaza juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatoa hukumu.

"Sakafu hii umeipigilia vizuri kuliko choo changu."

"Choo nilijenga nikiwa safarini."

"Ndiyo maana kimepinda."

Sijawahi kuwaona hivyo. Walikuwa wazee, naye alikuwa mgonjwa sana, uso umegeuka kijivu, lakini walikuwa wakitaniana kama wachumba. Dada akaniambia, "Mdogo wangu, nishonee paa. Jua linanichoma macho." Nilimshonea kwa turubai la kijani, lile zito, mshono wa mara mbili, pete za shaba kila pembe. Sijashona kitu kizuri kama kile tangu nianze kazi.

Sasa nifike kwenye injini. Mama fundi alipomaliza kubadilisha mpira wa petroli, Kilomita aliirudisha injini nyumbani asiibiwe, akaifunga kwenye jukwaa la mbao uani. Asubuhi moja nikasikia inanguruma. Nilitoka kibandani uzi ukiwa bado shingoni. Kilomita amesimama nyuma yake, mikono kiunoni, moshi umetanda ua mzima, majirani wamechungulia ukutani.

"Shemeji, hiyo injini..."

Akainua mkono. "Sindano! Kaa mbali na mashine, utashonwa!" Halafu akawageukia majirani. "Injini haiamshwi baridi. Miaka thelathini na moja sijaondoa gari bila kulipasha moto."

Majirani wakacheka. Dada naye akacheka, pale mlangoni, na kicheko chake ndicho kilichoniuma. Nikarudi kibandani.

Nitasema nilichowaza, maana nimekibeba vya kutosha. Niliwaza, acha iungue. Nilimwona gatini, injini imegoma, mama fundi akimgombeza mbele ya wachuuzi wale wale, na mimi nimekaa kando nasema kwa upole kwamba nilitaka kumwambia. Nilitaka aaibike. Kidogo tu, siku moja tu, kama alivyoniaibisha. Niliona ni haki. Aliipasha moto dakika tano kila asubuhi kwa siku nane, na kila ilipoanza kunguruma nilikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi nisiisikie.

Haikugoma. Tuliijaribu majini nusu saa, kandokando ya ufuko, dada akiwa ndani chini ya paa lake. Alishika ukingo kwa mkono mmoja na mwingine akaupitisha majini. Nilitazama kile kijitundu cha nyuma. Kilikuwa kinatema, lakini maji membamba kama uzi namba arobaini hivi, yanakatika na kuunga. Mimi uzi naujua. Nilitaka kusema, nikaona jinsi walivyofurahi, nikaona pia jinsi nitakavyoulizwa kwa nini sikusema siku zote zile. Nikanyamaza mara ya pili.

Wiki iliyofuata basi liliharibika njiani na dada akakosa siku yake ya Jumatatu. Jumatano isingekoseka. Tuliondoka jua limechomoza tu, sisi watatu. Dada alikuwa amevaa gauni lake la kutokea na ameshika kadi ya hospitali ndani ya mfuko wa plastiki. Ndani ya boti niliona kasia moja.

"Moja?"

"Lori halibebi makasia," alisema Kilomita. "Hilo ni la adabu."

Saa nzima tulikwenda vizuri. Ziwa lilikuwa limetulia, gati letu limekuwa mstari nyuma, na ng'ambo bado ni ukungu. Kisha nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Niligeuka. Kijitundu kilikuwa kikavu.

"Zima!" nilipiga kelele. "Shemeji, zima, haikojoi!"

"Haifanyi nini?"

Hakujua neno hilo. Angelijua wapi? Aliponielewa, injini ilikuwa imekwisha kulia, mlio mmoja mrefu, ikakwama. Alivuta kamba, kamba haikusogea. Alivuta akiwa ameegemeza mguu, mpaka ngozi ya kiganja ikabanduka. Simu hazikushika mtandao, yangu wala yake. Nilipandisha yangu juu ya paa la turubai nikaizungusha huku na huko, haikusaidia.

Alichukua kasia. Mimi nilibandua ubao mmoja wa sakafu yake mpya, ule uliopigiliwa vizuri kuliko choo, nikapiga nao maji upande wa pili. Boti ilizunguka, tukaiweka sawa, ikazunguka tena. Upepo mdogo wa ubavuni ulikuwa unatupeleka tusikotaka. Jua likapanda.

"Kilomita," dada aliita kutoka chini ya paa. "Zimebaki ngapi?"

"Mbili," alisema.

Zilikuwa hazipungui kumi na tano. Dada alilijua hilo, maana alitabasamu.

Baadaye alisema midomo inamfa ganzi. Halafu akasema moyo unaruka, akauwekea mkono kama mtu anayemtuliza mtoto. Kilomita aliacha kasia, akaenda kukaa chini, akampakata kichwa. Mimi niliendelea na ule ubao peke yangu, boti ikawa inazunguka tu, na nilijua inazunguka, lakini nisingeweza kukaa na kuwatazama.

"Niko hapa," Kilomita alimwambia.

"Naona," alisema dada. "Angalau leo uko."

Hakusema kingine. Boti ya mizigo ilituona mchana, ikatufunga kamba, ikatuvuta mpaka ng'ambo, kule kule tulikokuwa tunakwenda. Wauguzi walikuja gatini na machela. Mmoja alipokea ile kadi iliyokuwa kwenye mfuko wa plastiki, akaisoma, akanirudishia.

Baada ya mazishi Kilomita hakutaka kuongea na mtu. Watoto waliokuja kutoka walikoolewa na wanakofanya kazi walimsihi aende akae nao, akakataa. Wiki ya tatu alinigongea kibandani, akasema nimsaidie kubeba injini mpaka kwa mama fundi. Hakutaka kuitengeneza. Alitaka kujua.

Mama fundi alifungua ule mguu wa injini, akachokonoa kwa bisibisi, akatoa kitu akakimimina kwenye kiganja. Kilikuwa kigurudumu cheusi, kimesinyaa, mapezi yake yote yamekatika na kuwa chembechembe.

"Nani aliiwasha nje ya maji?" aliuliza.

"Mimi. Nilikuwa naipasha moto."

Mwanamke yule, ambaye nilimtegemea amgombeze kwa wiki nzima ya mawazo yangu mabaya, hakumgombeza. Alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Mtu anajuaje?" Kilomita akamwuliza. "Niambie, mtu asiyejua anajuaje?"

"Anaambiwa, baba. Anayekuuzia ndiye anayekwambia."

Hapo ndipo alipopata mahali pa kuiweka hasira yake. Aliziweka zile chembe ndani ya karatasi, akaikunja, akaniambia twende. Ningeweza kusema pale gatini. Ningeweza kusema ndani ya pikapu, ambamo tulikaa bega kwa bega nusu saa akimlaani muuzaji, mwizi, muuaji, mtu asiye na haya. Niliitikia. Mara mbili nilisema, "Kweli." Nilikuwa nimezoea kufyata ulimi mpaka ulimi wenyewe ukasahau kazi nyingine.

Muuzaji alikuwa anawatilia kuku maji. Alituona akaja akichechemea, akaanza kutoa pole, kwani habari zilikuwa zimemfikia. Kilomita akafungua karatasi mbele ya uso wake.

"Ulijua," alisema. "Ulijua ukaniuzia, ukafunga mdomo."

Yule bwana alitazama zile chembe. Kisha akanitazama mimi. Hakuwa na hasira, alikuwa amechanganyikiwa tu.

"Lakini nilisema," alijibu. "Nilimwambia huyu bwana hapa, siku ile ulipokuwa unafunga kamba. Nilirudia mara mbili."

Kilomita alicheka. Kicheko kifupi, kama kile cha wachuuzi wa gatini.

"Sindano? Sindano angeniambia!"

Akanigeukia nimsaidie kumcheka mwongo. Alikuwa ananingoja kwa uso wa mtu mwenye hakika na shahidi wake, na uso ule ukakaa hivyo hivyo kwa muda, halafu ukaanza kuporomoka kabla sijafungua kinywa.

"Shemeji, alikwambia?"

"Aliniambia."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

Kuku mmoja alikuja kudonoa karibu na kiatu chake, akidhani karatasi ina chakula. Kilomita aliikunja, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Nilikuwa tayari anipige. Nilitamani anipige.

"Ungeniambia, ningekutukana," alisema.

"Najua."

"Ningekutukana mbele za watu, Sindano. Lakini ningekuwa nimesikia."

Alinirudisha nyumbani kwa pikapu ile ile, akinipakia mbele kama kawaida. Boti bado iko uani, imegeuzwa kifudifudi. Turubai la kijani alilifungua mwenyewe, akafungua kamba ya kila pete bila kuikata, akaniletea limekunjwa. Ninalo kwenye rafu, sijaweza kulikata kwa kazi nyingine.

Hatujagombana. Akihitaji kiti cha kushonwa analeta, tunasalimiana, anauliza hali ya wanangu. Ila tangu siku ile hajaniita Sindano tena. Ananiita kwa jina langu kamili, lile la kwenye kitambulisho, kama anavyowaita watu asiowajua.